Pai ya kima inatoka na maji, na juu haishiki rangi: nifanyeje?

Swali: "Shikamoo mama. Nina watoto watatu na shemeji yangu anaishi nasi, kwa hiyo mezani tuko sita. Nimejaribu mara nne kupika ile kaseroli ya nyama ya kusaga yenye viazi vya kuponda juu. Ladha si mbaya, ila nikichota tu, maji yanajaa chini kama mchuzi uliomwagika. Viazi juu vinabaki vyeupe, na chini kabisa kumeungua. Mume wangu ameipa jina, anaiita uji wa nyama. Sina oveni, nina jiko la gesi la mafiga mawili na jiko la mkaa. Ni kiungo gani ninachokosea? – Mama wa watatu, Kibaha."

Marahaba, mwanangu, na mpe mwenzio pole kwa uji aliokula mara nne bila kuhama meza.

Viungo vyako viache hapo vilipo. Mwenyewe umesema ladha si mbaya. Kinachokusumbua ni maji. Yanatoka kwenye nyama, kwenye viazi, kwenye nyanya, na mengine yanadondoka kutoka kwenye mfuniko, ambayo watu wengi hawayahesabu kabisa. Huko juu kubaki kweupe na chini kuungua ni ugonjwa huohuo, ila umejitokeza pande mbili.

Ngoja nikupe kwanza asili ya chakula chenyewe, maana jibu lako limefichwa humo. Waingereza walikuwa na jina la cottage pie tangu mwaka 1791, yaani pai ya kijumba cha mtu wa hali ya chini. Wafaransa wana yao, hachis Parmentier, iliyopewa jina la Antoine-Augustin Parmentier, mfamasia aliyezaliwa 1737. Huyu alitekwa vitani na Waprusia, akalishwa viazi gerezani, akarudi kwao kuwashawishi wenzake kwamba kiazi ni chakula cha binadamu na si cha nguruwe peke yake. Sasa sikiliza: huko kote, mama wa nyumbani hakuwa akianza na nyama mbichi. Alikuwa na kiporo. Nyama iliyochomwa jana au juzi ikakatwakatwa vidogo, ikatiwa mchuzi kidogo, ikafunikwa kwa viazi. Ile nyama ilikuwa imeshapita motoni, imeshakauka, imeshapata rangi. Sisi tumeichukua pai yao, lakini tunaitia nyama mbichi iliyotoka kwenye mashine ya bucha asubuhi hiyohiyo. Kazi ambayo moto wa jana ulikuwa umeimaliza, inabidi tuifanye wenyewe leo. Wengi tunairuka.

Mimi nimekulia Tanga, na kwetu nyama ya kusaga tunaiita kima, kwa hiyo nitaendelea kuiita hivyo. Wasomaji wa bara msishtuke, sisemi yule wa mitini.

Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Yakiwa ndani ya kipande kizima yana mahali pa kukaa. Ukishaisaga umeibomolea nyumba yake, na ikiguswa na moto yanamwagika yote kwa pamoja. Ukirundika kilo nzima kwenye sufuria ndogo na kuanza kukoroga, unachofanya hapo ni kuchemsha. Maji hayavuki nyuzijoto 100 hata uchochee namna gani, na ile rangi ya kahawia yenye harufu ya mshikaki inahitaji joto la kama 140. Aliyeieleza kwa mara ya kwanza ni Mfaransa Louis-Camille Maillard, mwaka 1912, ingawa mchoma mishikaki yeyote wa pale barabarani alikuwa akiijua tangu zamani. Maadamu kuna maji kwenye kikaangio, rangi haiji. Na rangi isipokuja, unaongeza viungo ukidhani ndivyo vilivyopungua.

Tuanze bucha basi. Usiombe steki tupu, inatoa kima kavu na yenye chengachenga. Omba bega au shingo, na ukubali mafuta kidogo. Katika kilo moja, gramu 150 hivi za mafuta zinatosha. Mwambie aisage mbele yako, mara moja tu, kwa tundu kubwa. Kwa watu sita nunua gramu 750. Na kima haioshwi, mwanangu. Najua wengi wetu tumelelewa kuosha kila nyama inayoingia jikoni, lakini kima ikioshwa inakunywa maji kama sponji, na vijidudu vinakufa kwa moto, haviondoki kwa kuoshwa. Kama roho yako haitulii kabisa, nunua kipande kizima, kioshe, kikaushe vizuri kwa kitambaa safi, kisha ukikatekate kwa kisu kikali mpaka kiwe kama punje za mahindi. Mkono utachoka, lakini hiyo ndiyo pai ya wale wa zamani wenyewe, na mimi naipenda kuliko ya mashine.

Tafuta kikaangio kipana kuliko vyote ulivyo navyo. Kiweke kwenye gesi, moto mkali, mpaka tone la maji likidondoshwa lianze kukimbiakimbia. Tia kijiko kimoja cha mafuta, kisha nusu ya kima, uitandaze kama unayetandaza chapati. Halafu weka mwiko chini. Hapa ndipo wanafunzi wangu wote huanguka: mkono unawasha, wanataka kukoroga. Acha dakika tatu, nne. Upande wa chini ukishashika rangi, geuza kwa mapande, acha tena, ndipo uivunjevunje. Itoe, ukaange nusu ya pili.

Kama kikaangio chako ni cha bati jembamba, maji yatatoka tu hata ufanye nini. Usiogope, na usifunike. Yaache yakauke huku unasikiliza. Mwanzoni utasikia mtokoto mzito kama wa maharage. Baadaye mlio unabadilika, unakuwa mwembamba na mkali, kama wa vitunguu kwenye mafuta moto. Huo mlio wa pili ndio unaokuambia kwamba maji yamekwisha na sasa ndiyo unakaanga. Kaanga dakika nyingine tano baada ya hapo. Chumvi itie wakati huu, usiitie mwanzoni, maana chumvi huvuta maji.

Kwenye mafuta yaleyale kaanga vitunguu maji viwili vikubwa mpaka vilainike na kuwa vya dhahabu, thomu punje nne, na karoti mbili zilizokwaruzwa ili watoto wasipate cha kuchambua. Bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, pilipili manga, mdalasini kwa ncha ya kisu. Zaidi ya hapo utakuwa unaelekea kwenye pilau.

Nyanya mbichi ziache kwa ajili ya kachumbari. Tumia nyanya ya kopo, vijiko viwili vya chakula, uikaange na vitunguu mpaka wekundu wake uzame na kufanana na tofali. Nyunyiza kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano, koroga dakika moja, rudisha nyama, kisha tia supu au maji nusu kikombe tu. Hapa unashangaa: tumefukuza maji kutwa nzima, sasa tunayarudisha? Ndiyo, ila haya yameshikwa na unga, hayatatembea. Yatokote moto mdogo kama dakika kumi. Pitisha mwiko katikati ya kikaangio hadi chini: njia ikibaki wazi ukahesabu moja, mbili, tatu kabla haijajifunga, imeiva. Ikijifunga papo hapo, endelea. Njegere kikombe kimoja, zilizokwisha chemshwa na kuchujwa, zitie mwisho.

Sasa mbatata. Viko viazi vya unga na viko viazi vya nta. Vya unga vikiiva vinapasukapasuka na kuponda kwake ni raha; vya nta vinabaki vimeshikamana, ni vizuri kwa mchuzi, lakini ukiviponda vinakuwa kama gundi. Sokoni vyote vinaitwa mviringo na muuzaji atakuapia kwamba vyake ndivyo. Vijaribu nyumbani: koroga kikombe kimoja cha chumvi katika vikombe kumi na kimoja vya maji (au kwa kipimo kidogo zaidi, ilimradi ni moja kwa kumi na moja), tumbukiza kiazi. Cha unga ni kizito, kitazama. Cha nta kitaelea. Ukishapata mfuko unaozama, muulize muuzaji umetoka wapi, Njombe, Mbeya au Lushoto, na wiki ijayo urudi kwa huyohuyo.

Kilo moja na nusu inatosha. Chemsha na maganda, uanze na maji baridi yenye chumvi, ili viive kwa usawa nje na ndani. Menya vikiwa bado vya moto, ukivishika kwa kitambaa. Kisha virudishe kwenye sufuria tupu, moto mdogo sana, utikise dakika mbili mpaka mvuke uishe na pembe zake zianze kuwa nyeupe kama zimepakwa unga. Watu huziona dakika mbili hizi kama mzaha. Mwaka mmoja nilipikia shughuli ya watu themanini, nikaziruka kwa sababu ya haraka, na trei nane za pai zikawa trei nane za bahari. Hakuna aliyesema neno, ila nilimwona bibi mmoja akiinamisha sahani yake taratibu ili maji yaende upande.

Ponda kwa mwiko au kiponda viazi, vikiwa vya moto. Blenda usiiguse, inapasua chembe za kiazi, wanga unamwagika, na unapata ule ute unaovutika. Tia siagi kwanza, gramu 60, ichanganyike kabisa. Ndipo maziwa ya moto, kidogo kidogo, yasizidi nusu kikombe. Tui zito la nazi badala ya maziwa ni zuri sana, na mimi ndilo ninalotumia nikiwa na nazi. Kujua kama umefikia kipimo, fikiria katlesi. Chukua donge kiganjani: likifinyangika kirahisi kama la katlesi, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa, basi. Likikutiririkia kati ya vidole, umepita. Ukiitazama vizuri, pai hii ni katlesi moja kubwa iliyolazwa chali, kwa hiyo usijione mgeni nayo. Kazi ya viazi na kima unaijua tangu Ramadhani ya kwanza uliyosaidia jikoni.

Weka kima kwenye sufuria ya alumini isiyo na mikono, pana kama sentimita 24. Iache ipoe robo saa, ishikane. Viazi vikipandishwa juu ya kima ya moto na laini vinazama. Anza kuviweka pembeni, vigande kwenye ukuta wa sufuria pande zote, halafu malizia katikati. Ukianza katikati, mchuzi utapenya kandokando na kupanda juu. Chora mistari kwa uma. Matuta yale ndiyo yanayoshika rangi kwanza. Paka kiini cha yai kilichokorogwa na kijiko cha chai cha maziwa.

Tumefika kwenye moto, na hapa ndipo nadhani ulikuwa unapotea zaidi. Bila oveni, umekuwa ukiweka sufuria juu ya jiko, unafunika, unasubiri juu kuive. Juu hakuna cha kuiva, mwanangu. Kila kitu humo kimeshaiva kabla hujakipanga. Unachotaka ni rangi tu, na rangi inataka moto uwe juu. Moto wa chini unaunguza kima, unafukuza mvuke, mvuke unapanda, unakuta mfuniko wa baridi, unageuka maji, unakudondokea juu ya viazi. Ulikuwa na mvua ndani ya sufuria.

Dawa yake bibi zetu walikuwa nayo: kupalia. Kama wali unavyopaliwa makaa, kama mkate wa kumimina. Washa mkaa mpaka uwe mwekundu wote na moshi uishe. Acha makaa matatu au manne jikoni, ili sufuria isipoe tu. Chukua mfuniko wa bati ulio bapa, ule wenye ukingo, uupashe moto kwanza kwenye gesi dakika moja mbili, ukavu kabisa. Ufunike ukiwa umegeuzwa ili ukingo uwe juu, upachike kijiko cha chuma pembeni ili mvuke upate pa kutokea, kisha mwagia makaa yote yaliyobaki juu ya mfuniko. Kati ya viazi na mfuniko pawe na nafasi ya vidole viwili. Pakiwa padogo, viazi vinaungua kabla ya kupata rangi. Mfuniko ukiwa na moto juu yake, mvuke hauna pa kugeukia maji, unatoka kwa kile kijiko na kwenda zake. Funua baada ya dakika kumi, utazame. Kwa kawaida dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha: matuta yawe ya kahawia, mabonde ya dhahabu. Unapofunua, uinue mfuniko ukiwa umelala sawa na usiuinamishe, la sivyo watoto watakula majivu. Na kazi hii ifanyike nje au barazani penye hewa. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, na inaua watu waliofunga madirisha.

Wenye oveni wanaonisoma: nyuzijoto 200, rafu ya juu, dakika 25 hadi 30.

Siku ya mvua ambayo huwezi kutoka nje, tumia gesi peke yake. Kima ya moto kwenye bakuli, viazi vya moto juu yake, kisha chenga za mkate wa juzi ulizozikaanga kwa siagi na thomu kidogo mpaka zikawa za kahawia, unyunyize juu wakati wa kupakua. Rangi umeipata kwenye kikaangio badala ya juu ya viazi. Kuna watu wataniambia hiyo si pai. Waambie waje wale ndipo waseme.

Ikishaiva iache itulie robo saa kabla ya kuigusa. Najua shemeji amekaa tayari na uma, lakini kima ya moto ni laini na mchuzi wake unatembea. Ikipoa kidogo inashikana, na unakata kipande kinachosimama sahani. Mezani weka kachumbari yenye ndimu na pilipili, maana chakula hiki ni kizito na kinapenda kitu kikali pembeni.

Hukuuliza habari ya bei, lakini gramu 750 kila wiki si mchezo. Tumia nusu kilo ya kima na kikombe kimoja cha adesi za kahawia zilizochemshwa zikachujwa. Zinaingia kimyakimya, zina rangi ya nyama, na zinanyonya mchuzi uliobaki. Mimi hufanya hivyo hata nikiwa na hela.

Unaweza pia kuipanga asubuhi, ukaiweka kwenye friji, jioni ukapalia. Hapo moto wa chini uongeze kidogo na upe muda wa dakika kama arobaini, maana inatakiwa ipate moto hadi katikati. Kima si ya kufanyia mzaha: mashine imechukua uchafu uliokuwa juu ya nyama na kuusambaza ndani, ndiyo sababu kipimo cha usalama ni nyuzijoto 71 katikati, si rangi ya nje. Na kwa joto letu la Pwani, likipita nyuzijoto 32, chakula kisikae nje zaidi ya saa moja kabla ya kuingia friji.

Ikibaki, usiipashe tena kama pai. Kesho yake ivuruge yote, kima na viazi pamoja, ongeza kijiko cha chenga za mkate kama ni laini, finyanga madonge, chovya kwenye yai, uyakaange kwa mafuta moto. Hizo ni katlesi za kifungua kinywa, na kwa mikono mitatu ya watoto uliyonayo, hesabu mbilimbili kwa kila mmoja kabla hujaita mtu mezani.